Mlango wa Chuo na Deni la Msomi

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakifuatana na wenzao wa vyuo vingine vya mji ule, waliandamana mpaka Ikulu, baadhi yao wamevaa majoho yao ya kisomi, na mikononi wamechukua mabango ya kukataa mpango ambao ulimtaka kila mhitimu alitumikie taifa kwa muda wa miaka miwili, na ambao, katika miezi kumi na minane ya muda huo, ungemwachia sehemu tu ya mshahara wa kazi yake. Rais Julius Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akaghadhibika ghadhabu ambayo inasimuliwa hata leo: alitangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kwamba mishahara ya wakubwa wa serikali nayo itashuka, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao, wengi wao wasirejee madarasani mpaka mwaka uliofuata.

Mgogoro ule umekwisha kuandikwa sana na wanahistoria, ambao wameueleza kwa siasa za zama zile, kwa ujamaa na kwa hofu ya kuzaliwa tabaka la mabwana wapya. Mimi nauleta hapa kwa sababu ndani yake mlikuwa na suala moja ambalo nchi yetu haijalimaliza hata leo, nalo ni la hesabu: msomi anadaiwa nini, na anadaiwa na nani? Kwa Mwalimu Nyerere jawabu lilikuwa dhahiri. Miaka miwili kabla ya maandamano yale alikuwa amemfananisha mtu anayepelekwa chuoni na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenziwe wamempa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea shehena ya nafaka, na ambaye akitokomea huko asirejee huwa amewasaliti. Wala hayakuwa maneno matupu, kwani tangu chuo kilipofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika hata ishirini, na baada ya kuhamia Mlimani mwaka 1964, hazina ya nchi ndiyo iliyobeba ada, chakula, kitanda, vitabu na nauli ya mwanafunzi, na hayo yakifanyika wakati ambapo watoto wengi wa nchi hii hawakuwa na dawati hata la darasa la kwanza.

Fikira hiyo, kwamba mtafutaji wa elimu hulishwa na jamaa nzima, haikuletwa na serikali ya uhuru. Katika miji ya pwani tangu kale mwanafunzi aliyetoka mbali alikuwa mgeni wa mji: alilala msikitini au katika nyumba ya mwalimu wake, majirani walimletea sahani ya chakula, na mali za wakfu zilisaidia pale ambapo mkono wa mtu mmoja haukufika. Huko Lamu, Habib Swaleh, ambaye jina lake halitengani na msikiti wa Riyadha, alifungua darasa zake kwa watu wa nasaba zote, wakiwemo wale ambao kabla yake milango ya maarifa ya juu ilikuwa imefungwa mbele ya nyuso zao kwa sababu ya asili yao, na jambo hilo lilimletea uadui wa baadhi ya wenye jaha wa mji ule. Nataja habari hii kwa ajili ya neno moja tu, ambalo nitalirejea kwa njia nyingine huko mbele: kwamba ukarimu katika elimu hauonekani katika wingi wa mali iliyotolewa, bali katika nani anayeruhusiwa kuvuka kizingiti.

Zama za chuo bila malipo zilikwisha pole pole. Miaka ya 1980 ilikuja na dhiki ya uchumi, upungufu wa fedha za kigeni, na mwaka 1986 masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Na ilipoingia miaka ya 1990 wazazi na wanafunzi walikuwa wamekwisha kuelezwa habari ya kuchangia gharama, kwanza nauli na ada ndogo ndogo, kisha, hatua baada ya hatua, mambo mazito zaidi. Bunge likapitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, nayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Hivyo deni lile la mtu wa kijiji chenye njaa, ambalo halikuwa na tarakimu, likapewa namba, likapewa jalada, na likaingia katika hati ya mshahara.

Tufanye hesabu ya mfano, maana mazungumzo mengi juu ya mikopo husemwa kwa jazba na pasipo tarakimu. Ada ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma, kwa masomo mengi, iko baina ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Posho ya chakula na malazi, ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ikihesabiwa kwa siku 240 za masomo hufika milioni 2.4 kwa mwaka. Juu yake kuna vitabu, mafunzo kwa vitendo na mahitaji ya kitivo. Kijana aliyepewa mkopo kamili kwa miaka mitatu hutoka chuoni akiwa na deni linalokaribia shilingi milioni 12. Akibahatika kupata kazi ya mshahara wa shilingi laki saba, na makato yakiwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama sheria inavyotaka tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, atakuwa akikatwa shilingi 105,000 kila mwezi, na itampasa aendelee hivyo kwa zaidi ya miaka tisa, yaani katika miaka ileile ambayo mtu huoa au kuolewa, hujenga chumba chake cha kwanza, na huanza kuwatazama wazazi waliozeeka na wadogo zake wanaosubiri zamu yao ya kusoma.

Mpaka mwaka 2021 hali ilikuwa ngumu kuliko hivyo, kwa kuwa juu ya deni palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Kwa mtu wa mfano wetu tozo hiyo, katika mwaka wa kwanza, ingekuwa shilingi 720,000 kati ya shilingi 1,260,000 alizokatwa, hata ikawa zaidi ya nusu ya jasho lake haikupunguza deni. Na kwa kiwango cha zamani cha asilimia 8, ambapo angekatwa shilingi 672,000 tu kwa mwaka, deni lingeongezeka huku analilipa. Walimu na wauguzi waliokuwa wakitazama taarifa za madeni yao na kukuta yamepanda baada ya miaka ya kulipa hawakuwa wamekosea kusoma. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, mjini Mwanza, kwamba tozo ile inafutwa, aliondoa dhuluma ambayo haikupasa kuwapo tangu awali, na aliyeiondoa anastahili shukrani.

Lakini mimi si katika wale wanaodai kwamba mikopo yenyewe ifutwe. Mfuko wa Bodi ulikuwa shilingi bilioni 464 katika mwaka wa masomo 2020/21, ukapanda hadi bilioni 570 mwaka uliofuata, na bilioni 654 mwaka 2022/23, na wanaofaidika sasa wamezidi laki mbili kwa mwaka mmoja. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa waliotangulia, ambao makato yao ya mwezi huu ni chakula cha mtoto mwingine mwezi ujao. Mwajiri ambaye hukaa kimya juu ya mtumishi wake mdaiwa, ilhali sheria imempa siku 28 za kutoa taarifa, na mhitimu mwenye biashara yake nzuri ambaye hujificha kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata, wote wawili huchukua kitu kutoka katika sahani ya mtu wasiyemjua. Wanafunzi wa mwaka 1966 walikataa kuacha sehemu ya mshahara kwa miezi kumi na minane. Wa leo wanaacha asilimia 15 kwa miaka tisa au kumi, na wengi wao wanalipa bila maandamano, wala hawasikii neno la heshima kwa ajili ya subira yao.

Husemwa, na husemwa kwa sauti kubwa katika vijiwe, katika daladala na hata katika mabaraza ya wazee, kwamba chuo hakina faida tena. Wasemao hivyo wana ushahidi mkononi. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Na mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipokuwa na nafasi 1,596, maombi yalizidi 130,000. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili na shamba la mihogo, akamwona mwanawe mwenye shahada amekaa barazani mwaka wa tatu akisubiri tangazo la ajira, hawezi kulaumiwa akimwambia mdogo wake kijana huyo kwamba bora anunuliwe bodaboda.

Hata hivyo hoja hiyo huchanganya mambo mawili ambayo ni wajibu wetu kuyatenga, yaani upungufu wa ajira na upungufu wa thamani ya maarifa. Mtu ambaye hakuwahi kupita karibu na chuo kikuu huifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaamua ugomvi wa maneno nyumbani kwake, na katika kufanya hivyo amekwisha kula matunda ya chuo bila kulipa ada. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu; panya waliofunzwa katika ardhi yetu walifanya kazi ya kusafisha mashamba ya Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena mabomu yale, na mkulima wa huko anayelima leo pasipo kuuhofia mguu wake hajui hata jina la mji wa Morogoro. Faida za namna hii haziingii katika hesabu ya mshahara wa mhitimu mmoja, na nchi inayopima chuo kwa mshahara peke yake itajikuta, baada ya muda, inawalipa wageni wafikirie kwa niaba yake.

Nimesema hivyo, na papo hapo nataka nimpe haki yake fundi. Ada ya mafunzo katika vyuo vya ufundi vya VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, fedha ambayo haifiki hata nusu ya kodi ya chumba karibu na chuo kikuu kwa nusu mwaka, na kwa fedha hiyo kijana hutoka akijua kuchomelea, kufunga umeme, kushona au kutengeneza injini. Ni aibu yetu wenyewe kwamba familia nyingi huipokea barua ya VETA kama barua ya msiba, na kwamba wahitimu wa shahada hujificha wanapokwenda kujifunza ufundi baada ya kukosa ajira. Kama mtihani wa kidato cha nne na cha sita ungekuwa ukiwagawa vijana kwa vipaji vyao, sehemu kubwa ya wale wanaoteseka kwa mikopo ya masomo wasiyoyapenda wangekuwa na karakana zao. Serikali imeanza kuelekea huko kwa elimu ya amali katika sera iliyorekebishwa mwaka 2023, nami naiombea isife katika makaratasi.

Basi na tufike mlangoni, kwani kwa muda mrefu mno tumebishana juu ya yanayompata mtu baada ya kuhitimu, yaani makato na ajira, tukayasahau yanayompata kabla hajaketi darasani; na huko, kwa maoni yangu, ndiko haki ya elimu ya juu inakopotea kwa wingi na kwa kimya.

Anayeomba mkopo hulipa kwanza shilingi 30,000 za maombi. Kisha hutafuta cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA; na ikiwa ni yatima, hutafuta cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe vilevile. Hutafuta mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa na picha. Hupeleka fomu kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji igongwe muhuri, na kwa wakili au hakimu ili kiapo kithibitishwe. Hurudi mjini kwenye duka la intaneti ili karatasi zote zipigwe picha na kupandishwa katika mfumo, na kila kituo katika safari hiyo kina bei yake. Kwa mtoto wa mtumishi wa Dodoma au mfanyabiashara wa Moshi hayo ni usumbufu wa siku mbili. Kwa binti wa kijiji cha Nanyumbu, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, akazikwa na jamaa siku ileile pasipo mtu kufikiria kwenda kwa msajili wilayani, hayo ni mlima: yampasa athibitishe kwa karatasi kifo ambacho kijiji kizima kilikifanyia matanga, na asipothibitisha, yule ambaye taratibu zimemwekea kipaumbele kwa sababu ya uyatima huhesabiwa kuwa ana baba.

Bodi haina budi kutaka ushahidi, na sisemi uondolewe, maana waongo wapo, na kila shilingi anayopewa tajiri kwa hila imetolewa mfukoni mwa masikini. Lakini kupima ukwasi na ufukara wa nyumba ambazo hazina hati za mshahara wala akaunti za benki ni kazi ngumu popote. Jirani zetu wa Kenya, ambao wanawakopesha wanafunzi tangu mwaka 1974 na ambao bodi yao, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, walileta mwaka 2023 utaratibu mpya wa kumgawia kila mwanafunzi ufadhili na mkopo kwa kadiri ya hali ya nyumba yao, na haukupita muda malalamiko yakajaa na shauri likafika mahakamani, kwa kuwa wazazi wengi walijikuta wamepangwa katika tabaka la wenye uwezo ambao hawakuwa nao. Kwetu sisi kuna lalamiko linalofanana na hilo: mtoto aliyesoma sekondari ya binafsi hudhaniwa kuwa kwao kuna mali, hata kama ada yake ililipwa na parokia, na msikiti, au na mjomba ambaye amekwisha kufa, naye hutakiwa alete barua ya mfadhili aliyemsomesha, ambaye pengine haonekani tena.

Tuseme sasa kwamba karatasi zimekubaliwa. Majina ya waliopata mkopo hutolewa kwa awamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na vyuo hufungua milango bila kusubiri awamu ya mwisho. Yule ambaye jina lake halijatoka hana budi kuchagua: akae nyumbani na nafasi ipotee, au aende na asijue atalala wapi. Hata yule ambaye jina lake limetoka hafiki chuoni akazikuta fedha zinamngoja. Ni lazima asajiliwe kwanza, na katika vyuo vingi ili asajiliwe alipe michango ambayo mkopo hauigusi, kama bima ya afya, kitambulisho na chama cha wanafunzi, kisha afungue akaunti, kisha asaini, ndipo bumu, kama wanafunzi wenyewe wanavyoliita, liingie. Baina ya kushuka katika basi na siku hiyo hupita majuma, na majuma hayo hayana mkopo.

Ni katika majuma hayo wenye nyumba wa Changanyikeni, Makongo na Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hudai kodi ya miezi sita taslimu, au mwaka mzima. Serikali ilijenga mabweni mapya pale Mlimani, yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, nayo yamewafaa wengi. Lakini wanafunzi wameongezeka kuliko vitanda, na mgeni asiye na ndugu mjini huishia kubebwa na mwenzake kitanda kimoja, wakilala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, mpaka mtihani wa kwanza. Wavulana hupiga pasi ndefu, yaani hula mara moja saa nne ya asubuhi ili mlo huo uwe chai, chakula cha mchana na kishawishi cha kulala mapema. Kwa wasichana majuma hayo yana hatari ambayo kila mhadhiri anaijua na wachache wanaisema hadharani: mwanamume mwenye gari na chumba huwa karibu kuliko Bodi, na binti ambaye kwao alilelewa kwa staha hujikuta anabadilisha heshima yake kwa paa na sahani ya wali, kwa ajili ya upungufu wa fedha ambayo kisheria imekwisha kuwa yake, ila haijamfikia. Sijui neno la kulainisha jambo hili, wala silitafuti.

Na wengine hurudi. Hawafeli mtihani, maana hawakuufikia. Hawaandikwi katika daftari la waliofukuzwa, maana pengine hawakusajiliwa. Husema nyumbani kwamba wameahirisha mwaka, na mwaka huo huzaa mwingine. Taifa limemsomesha mtoto huyo tangu darasa la kwanza. Tangu mwaka 2016 halimtozi ada ya sekondari mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 likaondoa hata ya kidato cha tano na cha sita. Limemlipia walimu, maabara na mitihani kwa miaka kumi na mitatu. Kisha linampoteza mlangoni kwa shilingi laki mbili au tatu za mwezi wa kwanza.

Hapa jamii nayo ina sehemu yake, na ni heri tuseme bila kuwaogopa jamaa zetu. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni katika majuma sita. Kadi za michango ya sendofu huandikwa viwango, na asiyetoa hukumbushwa, tena kwa simu. Ndugu walewale, ambao Mola amewajalia moyo wa kutoa, wakiombwa mchango wa mtoto wa marehemu kaka yao anayekwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, huuliza kwani hakupata mkopo. Ziko koo katika Kagera na Kilimanjaro, na viko vikundi vya kinamama vya vikoba mahali pengi, ambavyo vimetenga mfuko wa elimu na kuutunza kwa uaminifu, kwa hiyo haisemeki kwamba jambo haliwezekani. Lakini desturi hiyo haijapata ngoma na vigelegele kama ilivyopata harusi, nami natamani siku ambayo fulana za sare na muziki wa tarumbeta vitatoka kwa ajili ya binti anayekwenda kusomea uuguzi.

Ama serikali, dawa ya ugonjwa huu haihitaji sheria mpya. Kaya masikini kupita zote zimekwisha kuandikwa kwa namba na TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya hizo, na namba hiyo ipo katika fomu ya mkopo. Msajili wa vizazi na vifo anaweza kupeleka makarani wake vijijini katika mwezi ambao matokeo ya kidato cha sita hutoka, akawapa yatima vyeti kwa ushahidi wa wazee na viongozi wa dini waliozika. Na mwombaji wa kaya iliyoandikwa na TASAF anaweza kusamehewa zile shilingi 30,000. Vyuo vinaweza kuweka akiba ya vitanda vya mwaka wa kwanza kwa wanaotoka mikoa ya mbali, na vikakubali kumsajili mtu kwa barua ya Bodi huku michango midogo ikingoja. Lililo kubwa kuliko yote ni hili: kila mwenye namba ya TASAF, na kila yatima aliyethibitishwa, alipwe posho ya siku thelathini katika juma lile analopokea barua ya chuo, kabla hajapanda basi. Ni shilingi laki tatu kwa kila mmoja. Fedha hizo zikatwe katika bumu lake la kwanza litakapoingia. Na ikiwa jina lake halimo katika awamu yoyote, zibaki kuwa deni lake, alipe akianza kazi, kwa asilimia ileile 15 wanayolipa wenzake.